Kitanda cha Msaidié kule Marodoka

Msaidié, fundi wa rangi wa Antanimasaja mjini Mahajanga, alikuwa na mdomo uliomlisha na mdomo uliomponza, nao ni ule ule mmoja. Mdomo huo ulimpatia kazi ya kuandika majina ya maduka kwa dhahabu. Mdomo huo huo, mbele ya wanaume wote wa baraza la Marodoka, kule Nosy Be, ulimwambia Mroivili:

"Binti yangu ataolewa juu ya kitanda cha dhahabu. Kisipong'aa, mchukueni kijana wenu mkamwoze kwingine."

Hayo ya mwisho hakuna aliyemtuma kuyaongeza. Mroivili, mjomba wa bwana harusi na mwenye kauli katika ukoo wao, alitabasamu tu. "Baraza limesikia, fundi."

Kwa Wakomoro mume huingia nyumbani kwa mke. Nyumba ya Marodoka ilikuwa ya Koulsoum, mtalaka wa Msaidié, na ndani yake Msaidié hakuwa na hata msumari. Kitanda ndicho pekee ambacho Hayrat, binti yao, angekionyesha na kusema: hiki ni cha baba. Basi akakiunda Mahajanga, akakipaka rangi ya mafuta ya kijani kibichi, ubao wa kichwani akauchora mawaridi, kisha akakitanguliza Nosy Be ili rangi ikomae. Mwenyewe akafuata na chupa ya gundi na kijitabu cha karatasi za dhahabu. Kusema kweli ilikuwa shaba iliyopondwa hadi ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Watu waliiita dhahabu, naye hakuona faida ya kuwasahihisha. Hakuwa na nyingine: Mfaransa aliyeuza karatasi hizo alifunga duka baada ya uhuru akarudi kwao.

Meli ya pwani ilichelewa. Alishuka Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, asubuhi ya siku ile ile ambayo Mroivili na watu wake wangekuja kuikagua nyumba baada ya alasiri.

Hayrat alimpokea mlangoni. Hakumsalimu kwanza. "Baba, kwa nini ulisema niachwe? Nani alikutuma?"

"Kitang'aa," akajibu, akapita.

Gundi ile ina tabia zake. Hupakwa nyembamba, pale tu unapotaka dhahabu ikae, kisha husubiriwa. Ukiharakisha, karatasi huzama ndani yake ikafifia kama tope. Ukichelewa, haishiki. Msaidié alichovya brashi, akapaka waridi la kwanza. Gundi ikakimbia. Ikajikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la mgomba.

Akaunusa ubao. "Nani amekigusa kitanda hiki?"

"Mimi," akajibu Koko Echata, mama yake Koulsoum na bibi yake Hayrat, kwa fahari. "Kila siku baada ya sala. Mafuta ya nazi na ya langilangi. Jicho la watu halilali, mwanangu. Tena kinanukia!"

"Koko, umekiua."

"Nimekiua! Kwani kina roho?"

Koulsoum akatokea na mwiko mkononi. "Usimfokee mama. Wewe ulikituma kama gunia la chumvi, yeye ndiye aliyekitunza. Ulimwacha mke, ungeuacha na huo mdomo."

"Nipe maji ya moto, sabuni na majivu."

"Na wali wa wageni niuteleke wapi, kichwani kwako?"

Lakini maji alimpa. Msaidié akasugua kwa majivu yaliyochekechwa, akasuuza, akapangusa, akasugua tena. Upande wa kulia ulitakata. Upande wa kushoto, karibu na mlango, ndipo Koko alipozoea kukaa na kichupa chake. Huko mafuta yalikuwa yameingia hadi kwenye maungo ya mbao. Adhuhuri ikaadhiniwa yeye angali anasugua. Alipopaka gundi upya ilitulia pande zote, ila kulia ilitandaa kama ngozi na kushoto ikakaa kama jasho. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na unyevu ni adui wa gundi.

Koulsoum akachungulia. "Itakauka?"

"Kesho."

"Kesho ni ya nani?" Akafikiri kidogo. "Haya. Mimi nitawalisha. Wewe omba Mungu."

Wageni walipofika baada ya alasiri, akawalisha kweli. Pilau, kisha samaki wa nazi, kisha mkate wa sinia, kisha chai ya mchaichai, kisha pilau tena. Sauti ya Mroivili ikasikika ukumbini: "Koulsoum, unatukirimu au umetufunga?" Watu wakacheka.

Nyuma ya pazia Msaidié alikunja kidole, akagusa gundi kwa kifundo chake. Upande wa kulia ilivuta kidogo, ikatoa mlio mdogo, haikuacha alama: iko tayari. Kushoto kidole kiliondoka na uzi mrefu wa utelezi. Ukumbini watu walikuwa wanainuka.

Kitanda kitupu ni hasara ya hakika. Kubandika ni hasara ya bahati nasibu. Akabandika. Akaweka karatasi moja moja, akazigandamiza kwa pamba, na mawaridi ya kulia yakawaka kama mkaa uliopulizwa. Ya kushoto yakazama.

Mroivili akaingia na watu wake. Akatazama huku, akatazama huku. "Huyu wa kulia ni bwana harusi. Na huyu wa kushoto nani? Maiti?"

"Kinang'aa nusu," akasema Msaidié.

"Baraza halikusikia nusu. Una dhahabu nyingine?"

"Sina."

"Basi una nini?"

Msaidié akatafuta alicho nacho. Kilikuwa kimoja. "Nina nafasi yangu mbele, siku ya ndoa. Nikikaa pale, kila mtu ataniuliza habari za kitanda, na wewe utaulizwa kwa nini ulikubali. Nisipokuwepo, nani aulizwe? Uwakili wa kuozesha nampa imamu wenu. Waambie baraza umenifukuza. Kijana aingie."

Mroivili aliipima bei ile. Ilimpa heshima, wala haikumgharimu kitu. "Na hutarudi kusherehekea?"

"Sitarudi."

"Basi tumekufukuza," akasema kwa sauti ya kufika nje.

Koulsoum alishika pazia. "Pitia uani. Mbele wamejaa."

Uani Hayrat alimletea kata ya maji anawe. Hakumtazama usoni.

"Maji hayatoi gundi, mwanangu. Lete mafuta ya taa."

Akaleta. Akammiminia kidogo kidogo viganjani, naye akasugua mpaka vidole vikaachana, akavipangusa kwa kitambaa, akatoka kwenda Hell-Ville kuulizia meli.