Stesheni tuliyoijenga kwa msaragambo, mama akashushwa jukwaani

Wakuu, salamu zenu. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea, sasa niacheni niseme maana nimeudhika kupita kiasi. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sitii chumvi.

Jana kwenye mkutano huku Pongwe wametuletea watu wa reli nyepesi. Projekta, slaidi, maji ya chupa. Stesheni atajenga mwekezaji binafsi, sisi wananchi "tutashiriki kwa kujitolea". Watu wakapiga makofi.

Makofi hayo mimi niliyapiga miaka ya hamsini, nikiwa mtoto.

Kijiji chetu kilipakana na shamba la mkonge la tajiri mmoja. Alikuwa na reli yake ndogo, vigari vya mkonge vinavutwa na kichwa cha treni ya moshi mpaka Tanga mjini. Siku moja akaja kwa wazee, kofia mkononi. Akasema atajenga stesheni hapa kijijini na ataongeza behewa la watu.

Mama yangu alikuwa na matende. Mguu umevimba, hospitali iko mjini, kila akienda anabebwa na wanaume kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa akiona haya sana, masikini. Baba aliposikia behewa hakuuliza la pili. Akatoa kiwanja, akakata minazi yake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipojimaliza.

Wazee wakasema huu ni msaragambo. Kwa msiojua, ni kazi ya wote: pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe, hakuna malipo, na kikijengwa ni cha wote. Mifereji, njia, hata msikiti wetu. Nani angeuliza "ni ya nani"? Swali lenyewe tusi!

Tajiri akalipenda hilo neno. Nyapara wake akawa ndiye anayepuliza pembe yetu. Mnaiona dharau hiyo?

Tukasomba mawe. Mama akakaa chini na mguu wake, akigonga kokoto. Jukwaa likainuka, bati likapigwa.

Siku ya kwanza mama akavaa kanga mpya, akawahi jukwaani. Kichwa kikaja, kikasimama. Vigari vyote mkonge. Akamwuliza nyapara, "Mwanangu, behewa la watu li wapi?"

"Bibi, shuka. Hapa pa mkonge."

"Nishuke? Kokoto hizi nimegonga mimi!"

Nyapara akamshika mkono akamshusha. Mbele za watu!

Baba akaenda kwa tajiri. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Mzee, behewa nilisema nikiona faida. Sikuiona. Na nani aliwalazimisha? Si mlisema wenyewe msaragambo?"

Lo! Neno letu wenyewe.

Mama alibebwa kitandani mpaka mwisho wa uhai wake. Njia ya mjini ilipita mbele ya stesheni ile, na kila wakifika hapo alijifunika uso kwa kanga.

Basi jana nikanyoosha mkono. Nikauliza, mwekezaji asipoona faida, abiria wa Pongwe atapandia wapi? Kijana wa slaidi akatabasamu. "Mzee wetu, swali zuri sana, tutalifanyia kazi."

Halafu mwenyekiti akasimama: "Ndugu zangu, Jumamosi ni msaragambo. Kila mtu na jembe lake."

Wakuu, mwekezaji simkatai. Aje, ajenge, apate faida yake. Lakini msaragambo ni wa kitu chetu. Kazi ya tajiri ni kibarua, na kibarua kina makubaliano yake. Kabla hujashika jembe uliza hilo swali la matusi: ni ya nani?

Mnaojua mikataba ya hivi vitu shukeni na komenti, na mnaotaka kuniambia mzee napinga maendeleo njooni pia, nawasubiri.

Jumamosi nitakwenda. Jembe sibebi. Kitanda cha mama bado ninacho, nitakitandika pale pale wanapotaka kuchimba, nikilalie.