Kiko cha Pasaka

Baba yangu alivuta tumbaku mwaka mzima isipokuwa siku arobaini za Kwaresima, na siku hizo arobaini alikuwa hashikiki. Usimuulize kitu kabla ya chai, usimkatishe akiwa anatafuta jembe lake. Mama alikuwa akisema, Mungu aipokee haraka sadaka ya mzee huyu, maana tunaofungishwa ni sisi wengine. Tulikuwa tunacheka. Leo ningetoa chochote nimsikie tena akinifokea asubuhi kwa sababu ya kijiko.

Tumbaku aliilima mwenyewe, mistari miwili nyuma ya nyumba, kijijini kwetu njia ya Kaengesa. Aliikausha darini jikoni, akaikata kwa kisu, akaitia kwenye mkebe wa bati uliokuwa zamani wa majani ya chai. Siku ya kuamkia Jumatano ya Majivu alivuta kwa mara ya mwisho, kisha akabakiza mkebeni kiasi cha kujaza kiko kimoja tu, akauweka nyuma ya picha ya Mama Maria ukutani. Haukuguswa mpaka Pasaka. Akitoka Misa, kabla hata ya nyama, alikaa kwenye kigoda upande wa jua na kukivuta kile kiko kimoja polepole, na uso wake ukafunguka. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo Pasaka yenyewe.

Mimi sigara sikuwahi kuvuta, na nilikuwa najisifia. Nina kibanda cha kutengeneza simu Chanji, mjini Sumbawanga. Washikaji wakinikaribisha sigara nawaambia mimi mtoto wa mzee anayekohoa, niacheni. Halafu mmoja wao akarudi kutoka Tunduma na vile vidude vya kuvuta kwa chaji, sisi tunaviita vepu. Kimoja kilikuwa cha zambarau, kina harufu ya embe.

"Huu mvuke tu, mwanangu. Onja."

Nikaonja. Tamu! Nikakinunua hapo hapo. Hakinukishi nguo, hakina majivu, unavuta huku bisibisi iko mkononi. Ubavuni kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema kina nikotini. Mimi ninayeshinda nasoma maandishi ya kwenye betri, hayo sikuyasoma. Mwaka haukuisha nikawa nakivuta kabla ya kunawa uso, na chaji ikikatika nawafokea wateja. Bado mtu akiniuliza namjibu, "Mimi? Sivuti."

Mwaka huo daktari alimwambia baba kwamba kifua chake kimechoka, aache kabisa. Baba akakubali, ila kwa utaratibu wake. Angefunga Kwaresima kama kawaida, Pasaka avute kile kiko kimoja cha kuagana, basi, asiguse tena.

"Nimekaa na tumbaku miaka mingi kuliko niliyokaa na mama yenu," alisema Jumatano ya Majivu, alama bado ipo kwenye paji la uso. "Siwezi kuiacha bila kuiaga." Akanigeukia. "Na wewe unafunga nini?"

"Soda, baba."

Kidude kilikuwa mfukoni. Hata sikuona kama nimemdanganya, maana hakuniuliza kuhusu mvuke.

Wiki Kuu nilifunga kibanda nikaenda kumsaidia kupiga ntumba. Huku kwetu majani ya shamba hatuyachomi. Tunayakata pamoja na udongo wake, tunayapindua, tunayarundika duara na kuyafunika yaoze humo ndani, na kila rundo ndiyo ntumba. Juu yake tunapanda maharage. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka tunazibomoa, tunasambaza ule udongo mweusi na kumwaga ulezi. Mwaka ule baba alikuwa amechelewa kwa sababu ya kifua. Alikaa kwenye kichuguu, unyasi mdomoni mahali pa kiko, akitusimamia mimi na mama.

"Hiyo ni ntumba au kaburi la paka?" aliniuliza. "Mjini wamekuharibu mgongo."

Jumatano mchana nikapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Mtupu. Nilikuwa nimeinama tangu asubuhi, nakata, napindua, nafukia. Kidude kilikuwa kimedondoka na nimekifukia mwenyewe kwa jembe langu. Nikageuka kutazama nyuma. Kulikuwa na ntumba kama thelathini, zote zimefanana.

Nikaanza kufukua. Ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Kwenye ya tano baba akasimama.

"We kijana, tunafukia au tunafukua?"

"Nimedondosha simu, baba."

Hapo hapo simu ikaita kwenye suruali yangu. Mama alicheka mpaka akaegemea mpini. Baba hakucheka. Aliitazama mikono yangu kwa muda, kisha akakaa tena na kuurudisha unyasi mdomoni. Nikazifunika upya zile ntumba tano.

Alhamisi kichwa kilinigonga tangu alfajiri. Mikono ilitetemeka, jasho lilinitoka na baridi yote ile ya huku juu. Nilimfokea mama kwa sababu ya sukari kwenye chai, mama ambaye sijawahi kumpandishia sauti tangu nizaliwe. Tukawa wawili tusioshikika kwenye nyumba moja. Baba alinitazama juu ya kikombe chake.

"Kumbe soda inatesa hivi?" alisema.

Ijumaa Kuu walikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba, baba kwa fimbo, akipumzika kila hatua chache. Mimi nilisema kichwa kinauma, na kweli kilikuwa kinauma. Nikabaki na nyumba. Nilizunguka uani. Nikaenda hadi shambani nikarudi. Nilijiambia nitaunusa tu. Nikaushusha mkebe, nikanusa, nikaurudisha nyuma ya Mama Maria, nikatoka nje. Kisha nikaingia tena. Kiko chake kilining'inia msumarini pembeni. Nilikijaza, nikachukua kaa la moto jikoni, nikakaa kwenye kigoda chake.

Nilikohoa mpaka nikatapika. Nikafuta mdomo, nikaendelea. Sitaki kudanganya hapa: nilipona. Kichwa kiliachia, mikono ikatulia, na kwa dakika chache nilimpenda kila mtu duniani. Nilivuta mpaka majivu. Kisha nikakiosha kile kiko kwa maji na majani, vizuri kabisa, nikakirudisha msumarini. Waliporudi nilimpokea mama mwavuli na kumpa pole ya safari.

Jumapili ya Pasaka kulikuwa na jua. Jirani mmoja alikuja na mkewe, kuku yuko jikoni, pombe ya ulezi imechujwa. Baba alivaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Sijawahi kuona mtu ana hamu vile na bado anajizuia asionekane ana haraka.

"Baba," aliniita, maana nimerithi jina la babu, na akifurahi aliniita hivyo, "niletee mkebe wangu na kiko."

Nikavileta. Nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Alifungua kifuniko. Akatazama. Akaupindua mkebe kwenye kiganja, na hapakudondoka kitu. Kisha akakiinua kiko, akachungulia ndani, akapitisha kidole.

"Panya wa siku hizi wana adabu," alisema. "Wakishavuta, wanaosha vyombo."

Watu walicheka, ee Mungu wangu, walicheka! Mimi nilicheka kuwashinda wote. Jirani alitoa tumbaku yake mfukoni akamkaribisha. Baba akakataa kwa upole, akasema aliyotaka kuagana nayo ni ile ya shamba lake, na imeshaondoka. Akaufunika mkebe na kuuweka magotini. Alikaa nao hivyo mpaka chakula kilipoiva.

Jumatatu alinisindikiza hadi barabarani, ingawa mama alimkataza. Tulisubiri gari muda mrefu. Gari lilipoonekana kwenye kona alinishika bega.

"Huna neno la kuniambia?"

Lilikuwa mdomoni kabisa. Dereva akapiga honi.

"Ugua pole, baba. Nitapiga simu."

Nilishuka Sumbawanga, na kabla sijafika kwangu nilikuwa nimeshanunua vepu nyingine, ya tikiti maji. Nilipiga simu kila Jumapili. Tuliongea habari za maharage, za kifua, za bei ya mbolea. Kila Jumapili nilipanga kumwambia, na kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Hakugusa tumbaku tena. Ulipoingia upepo ule wa baridi wa mwezi wa saba, kifua kilimbana siku nne, na siku ya tano mama ndiye aliyenipigia. Kwenye mazishi yake mwenyewe niliponyoka mara tatu kwenda nyuma ya nyumba kuvuta, pale kwenye mistari yake miwili ya tumbaku iliyokauka imesimama. Niliona aibu, na nilivuta.

Mvua zilipokaribia nikaenda kumsaidia mama kubomoa zile ntumba. Tulikuwa wawili tu. Kichuguu kilikuwa wazi, na mara mbili nilijikuta nanyanyua kichwa kungoja nitukanwe kwa sababu ya mgongo wangu. Majani tuliyoyafukia yalikuwa yameoza yote, yamekuwa udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri. Kwenye ntumba ya mstari wa tatu jembe liligonga kitu. Cha zambarau. Hakikuoza hata kidogo, kinang'aa kama siku nilipokinunua.

Nilikifuta kwenye suruali. Na kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimekitia mdomoni nakifyonza. Kilikuwa kimekufa, bila shaka. Mdomo ukajaa udongo.

Mama alikuwa amesimama ananitazama.

"Ndiyo ile simu?" aliuliza.

Nilitema. Nikaanza kulia kama mtoto, pale pale shambani, mtu mzima mwenye ndevu.

"Ndiyo, mama. Na tumbaku ya baba ni mimi."

"Tulijua. Ijumaa ile nyumba nzima ilinuka."

"Mbona hakunisema?"

"Nilitaka nikuseme mimi, akanizuia. Alisema, mwache, njaa hiyo naijua. Alisema utamwambia mwenyewe." Akapiga jembe mara mbili, akasimama tena. "Ulipoondoka, kila asubuhi aliushusha ule mkebe, anaufungua, ananusa, anaurudisha. Mpaka alipolala kitandani."

Tulimaliza mstari ule. Jioni, wakati wa kufunga mizigo, nikamwomba mama mkebe.

"Hauna kitu, baba."

"Nautaka hivyo hivyo."

Upo hapa kibandani, kwenye rafu juu ya chaja. Asubuhi, ile hamu inaponishika, naufungua kwanza, nanusa. Harufu bado imo, kidogo, kwenye kona za bati, na inanijia pamoja na koti lake la kanisani, hata sijui ninayemtamani ni yeye au tumbaku. Siku nyingine hiyo inatosha, napita hadi mchana sijavuta. Siku nyingine haitoshi. Navuta, naufunika mkebe, na hakuna wa kunitazama juu ya kikombe aniulize kama soda bado inanitesa.