Hori la Mwokaji kwenye Lango la Juu

Edeltraud Wollny, ambaye mji mzima wa Sulzbronn ulimwita Traudel, alilelewa juu ya lango. Juu yake hasa, katika chumba cha mawe kilichokaa kwenye mgongo wa upinde, mahali ambapo mikokoteni ilipita chini ya kitanda na kuzitikisa sufuria ukutani.

Si kwamba walikitaka chumba kile. Vita vilipokwisha walifukuzwa kwao Silesia, jimbo la mashariki lililopewa taifa jingine, yeye na mama yake Hedwig, na mzigo wao wote ulikuwa bunda la matandiko na sufuria mbili. Baba alipotelea vitani, hakuonekana tena. Wakimbizi walipogawiwa nyumba kwa nyumba, nyumba zilikuwa zimejaa na mioyo ya wenyeji imejaa zaidi. Hedwig na bintiye wakaangukia Lango la Juu, ambako tangu enzi za walinzi wa mikuki hakulala mtu, njiwa tu.

Mkabala na lango palikuwa na duka la mkate la Kilian Hepp, mtu mnene mwenye nyusi nyeupe kwa unga na ulimi usiojua kupumzika. Aliwaona wakipandisha bunda lao, akasema kwa sauti ya kusikika, "Njiwa wamehama, wamekuja wengine wa kutuchafulia."

Hedwig hakuwa mtu wa kumeza neno likapita. "Njiwa hawasalimii, Bwana Hepp. Mimi nitakusalimu kila asubuhi. Tutaona kama utaitikia."

Akamsalimu kweli, kila asubuhi. Hepp aliguna tu na kuendelea kufagia kizingiti chake. Binti yake, Gundula, rika moja na Traudel, mwanzoni alikuwa akimtolea ulimi. Lakini watoto ni watoto. Theluji ilipoyeyuka wakawa wanarukaruka pamoja kivulini mwa lango, mpaka sauti ya baba itoke dukani: "Gundula! Ndani! Wale ni watu wa kuja!"

Ikafika siku moja ya soko, majira ya majani kupukutika. Hedwig alikuwa na maumivu ya tumbo tangu jana yake, akayaficha asimtie mtoto hofu. Asubuhi alijaribu kuinuka akashindwa, jasho linamtoka na chumba kina baridi ya kuuma. Traudel akashuka mbio ile ngazi ya mzunguko, na mlango wa kwanza aliokutana nao ulikuwa wa Hepp. Mwokaji alikuwa amezama kwenye unga mpaka viwikoni.

"Nini tena?"

"Mama yangu hawezi kunyooka."

Hepp alimtazama usoni. Kisha, bila hata kufuta mikono, akamwita mkewe. "Walburga! Kimbia kwa daktari. Kimbia, mwanamke!"

Daktari alipanda, akalibonyeza tumbo, akateremka uso umemkauka. Ni kidole tumbo, alisema, kiko karibu kupasuka. Gari la hospitali lije limchukue sasa hivi. "Lakini asikunjwe, wala asitikiswe. Ashushwe amelala, amenyooka."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ngazi ile ilijengwa ikajikunja kama konokono, kusudi mlinzi mmoja aweze kuwazuia maadui wengi. Wanaume wa sokoni walijaribu kupandisha machela tupu, ikakwama kwenye kona ya pili. Wakabaki barabarani wamekodoa macho. Nje ya dirisha la chumba palikuwa na kapi la zamani, lililotumika kupandishia nafaka, na ambalo Hedwig alipandishia kuni zake. Kamba ilikuwapo, nene na nzima. Kilichokosekana ni kitu kigumu cha kumlaza mtu.

"Jeneza," alisema muuza kabichi mmoja.

"Funga domo lako!" wakamkemea wenzake.

Hepp alikuwa kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akavuka barabara, akaingia dukani kwake. Katikati ya duka lilikuwa hori la mbao la kukandia unga, refu kama kimo cha mtu, limejaa donge la mkate wa siku ile. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa njaa, unga ukipimwa kwa kijiko.

"Kilian!" mkewe akapiga kelele. "Huo ni mkate wa mtaa mzima!"

"Najua ni wa nani." Akalipindua hori, donge likaanguka sakafuni, pwaa! Akalibeba begani kama mtu aliyebeba mtumbwi.

Wakalipandisha kwa kapi, wakaliingiza dirishani. Hepp mwenyewe alipanda, akamlaza Hedwig humo, akamfunga kwa mashuka na kwa kamba za aproni yake. Kisha akachungulia chini, akatupa kamba nyembamba iliyofungwa kwenye kisigino cha hori.

"Wewe, Traudel! Shika hiyo. Ukiona mama anasogelea ukuta, vuta. Usitazame kitu kingine chochote."

Ndiyo mara ya kwanza aliyomwita kwa jina lake.

Hori likatoka dirishani, likayumba juu ya vichwa vya watu. Wanaume walilegeza kamba taratibu, shibiri kwa shibiri, na Hepp akawaongoza kutoka juu: "Polepole... polepole, nyie ng'ombe... hapo hapo!" Traudel akavuta mpaka viganja vikachubuka. Lilipofika usawa wa kufikiwa, mikono mingi ikalipokea. Hepp alishuka akihema, akainama kumfungua mgonjwa. Hedwig, mweupe kama chokaa, akafumbua macho.

"Bwana Hepp," alinong'ona, "ulininyima salamu mwaka mzima. Kumbe ulikuwa unangoja nichachuke ndipo unioke."

Mwokaji akacheka. Kisha akageuka upande, akajifuta uso kwa mkono wenye unga, na barabara nzima ikajifanya haikuona.

Hedwig alipona. Muda wote aliokuwa hospitalini, Traudel alilala kitanda kimoja na Gundula, juu ya tanuri, mahali penye joto kuliko pote mjini. Mama aliporudi, Hepp alimsalimu yeye kwanza. Akampa kazi ya kuuza dukani, na kila Krismasi watu walipanga foleni kununua keki ya mbegu za mpopi aliyoioka kama walivyooka kwao. Hedwig aliishi mpaka akawapakata vitukuu.

Traudel mwenyewe alikuwa mpeleka barua, akipita chini ya upinde ule kwa baiskeli, mvua na theluji. Aliolewa na Ottmar, fundi wa mapaa, wakazaa, akaja akamzika mumewe. Lango nalo likazeeka. Nyufa zikaingia, likafungwa, likakaa miaka mingi limezungushiwa mbao. Hatimaye likatengenezwa, na Jumapili moja ya Septemba likafunguliwa kwa wageni.

Gundula alimfuata kwake na fimbo yake. "Twende, kikongwe wewe. Au unangoja upandishwe kwa kamba?"

"Tangulia wewe mwenye magoti ya kukopa hospitalini."

Walipanda wakipumzika kila kona. Juu, binti mmoja mchangamfu alikuwa akiwaeleza wageni habari za walinzi na mizingiro. Gundula akamkatiza. "Samahani, mwanangu. Hapo ulipoweka kabati la kioo, huyu mwenzangu alilala hapo."

"Kweli, bibi?" Binti akamvutia kiti upesi. "Tusimulie basi, tafadhali."

Traudel akasimulia, na wageni wakakaa sakafuni kumsikiliza. Alipofika kwenye hori, alisema kwamba hajaona mtu mtulivu kama Kilian Hepp siku ile, mtulivu kama mawe ya lango.

"Mtulivu?" Gundula akamgeukia. "Nani kakwambia? Alirudi nyumbani mikono inamtetemeka, akashindwa hata kushika kikombe. Mama ndiye aliyeliokota lile donge akaliosha na kulikanda upya. Mkate ukatoka mgumu kama tofali. Baba akasema atakayelalamika akalalamikie kwake."

Maisha yake yote Traudel alidhani mtu yule hakuogopa.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ulikuwa unamtazama yeye tu kule juu, ukijua kaogopa utaiachia kamba."

Traudel akainuka, akaenda dirishani. Chini, watu walipita upindeni na mikate yao ya Jumapili kwapani. Akaweka kiganja juu ya jiwe la kizingiti, lilikuwa na joto la jua. "Asante, mjomba Kilian," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema na jirani ng'ambo ya barabara. "Ulinipa mama. Mungu akulaze pema."

Wakati wa kushuka, magoti ya Gundula yaligoma nusu ya njia. Wakaketi kwenye ngazi, bega kwa bega, wakaiziba yote. Chini yao foleni ya wageni ikaanza kukohoa.

"Tuwapishe," alisema Traudel.

"Wasubiri kidogo," alisema Gundula, akifungua mkoba na kutoa vipande viwili vya keki ya plamu. "Shika. Hiki kikubwa ni chako."