Leseni ya Dada

Mke wangu alikufa na bado aliendelea kupeleka hati za mizigo. Sababu naijua vizuri, maana mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi ile.

Ofisi yetu iko mtaa wa Gerezani, Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo bandarini. Asubuhi chini wenye mikokoteni wanapigana vikumbo, na juu makarani wanagombea skana, mashine ya kuingiza karatasi kwenye kompyuta. Mke wangu alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale, katokea Lindi, na kwa sababu hiyo wote walimwita Dada, hata waliomzidi umri. Nilipomuoa nami niliendelea kumwita hivyo kazini. Tukifika nyumbani ananicheka: "Njoo ule, dada yako kapika."

Skana ilipoletwa ilitaka jina na neno la siri ili iruhusiwe kuingia kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Fundi anayejiheshimu huiundia mashine akaunti yake. Nami nilikuwa mbioni kufanya hivyo, ila makarani walikuwa na haraka, meli imeshafunga gati, kila mtu ananipigia kelele.

"Weka langu," akasema mke wangu. "Kwani si mimi ninayekaa nayo hapa?"

Nikaweka lake. Neno lake la siri lilikuwa tusi la kwao, alilonitungia siku niliyochelewa kwenye posa yangu mwenyewe, na mpaka leo hakuna shemeji aliyekubali kunieleza maana yake. Tangu siku hiyo kila karatasi iliyopita pale, iwe imepitishwa na nani, ilifika kwenye seva ikiwa na maneno "Imeletwa na", kisha jina lake kamili. Makarani wakazoea kuambizana, "Mpe Dada akupelekee," wakiwa na maana ya mashine. Naye anawadaka juu kwa juu: "Dada yupi, mimi au yule wa umeme?"

Presha ilimwangusha Jumapili moja akifua. Tukiwa njiani kwenda hospitali mkono wake ulilegea ndani ya mkono wangu, na nilijua. Tulimsafirisha, tukamzika kwao.

Niliporudi kazini nilifungua kompyuta nikakuta ameleta hati za asubuhi. Jina lake lile lile, dakika chache tu zilizopita. Najua mashine ni mashine, mimi ndiye niliyeifunga. Lakini kwa muda mfupi kabla akili haijarudi nilikuwa na mke. Basi sikuigusa ile akaunti. Makarani nao, sijui kwa huruma au kwa mazoea, hawakuacha kusema "Mpe Dada." Kila asubuhi nikawa nafungua folda ya hati kabla ya kuvua koti la pikipiki, nione kama amefika.

Mambo yalienda hivyo mpaka tuliponunua seva mpya. Akaja wakala wa leseni za kompyuta kutoka Posta, katikati ya mji, binti mpole mwenye ushungi wa kijivu. Alinieleza jambo nililolijua, kwamba kununua seva hakutoshi. Anayeingia humo lazima awe na leseni yake ya kuingia. Unaweza kukata leseni kwa kila mtu au kwa kila kifaa, na sisi tulikuwa tunakata kwa watu. Watu wote wakishakuwa nazo, skana wanayoitumia haihitaji ya kwake. Akaanza kupitia majina kwenye skrini, mara akasimama.

"Kaka, huyu ni mtu au mashine?"

"Mtu."

"Leo yupo?"

"Hayupo."

"Likizo?"

"Amefariki."

"Pole sana, kaka. Samahani, sikujua." Akaitazama tena skrini. "Mbona asubuhi hii ameingia mara nyingi hivi?"

Nikamweleza kuhusu skana. Sikumweleza kwamba ni mke wangu. Akasema kwa upole kwamba leseni ya mtu aliyeondoka huhamishiwa aliyekuja, kwa hiyo hatuna haja ya kununua nyingine. Na kweli aliyekuja alikuwepo. Msichana kutoka Masasi, wamemkalisha kwenye meza ya mke wangu, kutwa anaazima kompyuta za watu kwa kukosa leseni. Mtoto wa watu hana kosa lolote. Nilimchukia hata hivyo.

Nikaenda kwa bosi kuomba tununue leseni moja ya ziada. Bosi wetu ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Kariakoo, Kiswahili chake kinawashinda wengi wetu. Nyuma ya kiti chake kuna picha ya marehemu baba yake iliyovishwa shada la maua, na kila asubuhi huifukizia udi kabla hajagusa simu.

"Leseni ya nani?" akauliza.

"Ya skana, bosi."

"Skana haihitaji. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Akageuka akaitazama picha.

"Huyu namwashia udi kila siku. Lakini leseni ya biashara ilikuwa na jina lake, nikaenda kulibadilisha. Nililia kule kule kwenye foleni, watu wananiangalia. Nikabadilisha." Akanigeukia. "Nitanunua. We niambie tu, ni ya nani?"

Nilifungua mdomo, jina likagoma kutoka. Nikatoka mimi.

Basi nikajifanya mjanja. Nilijua kwamba ndani ya seva kila akaunti ina namba yake, na jina ni kibandiko tu kinachobandikwa juu. Nikaona nisifute kitu, nibandue jina lake nibandike "skana." Jina la mtu likitoka kwenye orodha, leseni itakuwa huru, msichana ataingia, na namba ya ndani itabaki kuwa yeye, siri yangu mimi na seva. Nikafanya. Siku hiyo nilikula chakula changu chote.

Siku chache baadaye yule msichana aliniita mezani kwake.

"Shikamoo kaka. Samahani, mbona hata hati za zamani, kabla hata mimi sijaja, zote zinasema zimeletwa na skana?"

Nikainama kutazama. Kumbe seva hukumbuka namba, na kokote ilikoikuta ile namba ilikuwa imesoma kibandiko kipya. Kazi zake zote alizozifanya kwa mikono yake, hadi barua aliyoandika kuomba likizo ya harusi yetu: "Imeletwa na skana." Nilitaka kumficha, nikawa nimemfuta.

Nilimrudishia jina lake hapo hapo. Kisha nikafanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Skana nikaiundia akaunti yake, na ya mke wangu nikaizima. Akaunti iliyozimwa haifutiki. Ya zamani yote yanabaki na jina lake, ila hakuna jipya litakalokuja nalo tena.

Halafu nikasubiri. Ukigusa kitu kwenye mtandao wa ofisi, malalamiko hayachelewi. Nilikaa na simu mkononi nikiomba, ndiyo, nilimwomba Mungu kitu kiharibike. Skana igome, makarani waje juu, mtu mmoja tu aseme Dada leo hapeleki. Karatasi ziliingia zikatoka. Wateja walikuja wakaondoka na hati zao. Simu haikulia.

Alasiri niliinuka nikaenda mwenyewe kwenye mashine, nikapitisha karatasi tupu. Nilipoangalia kwenye kompyuta ya jirani ilikuwa imeshafika, safi kabisa, imeletwa na skana. Nikaegemea ile mashine nikalia kwa sauti, mbele ya makarani na wateja, kilio ambacho sikulia hata makaburini.

Karani mmoja akaja mbio, akanishika bega, akaniuliza kama imeharibika.

"Hapana," nikamwambia. "Inafanya kazi."