Muhali wa Bi Rahma

Ukifika Wete mwezi wa sita, skuli zimefungwa na watoto wamezagaa mabarazani, muulize yeyote kambi ya kuchora iko wapi. Atakuonyesha ghala la zamani la karafuu upande wa nyuma wa soko, na atakwambia, wala hujamuuliza, kwamba mwenye ghala ni Abdulsamad, mtu mwema, hatozi hata senti. Mwenye kambi hamtaji mpaka umuulize mara ya pili. Ndivyo tulivyo watu wa hapa, mwenye nyumba ndiye mwenye jina.

Mwenye kambi ni Bi Rahma Kificho, mwalimu wa skuli ya msingi. Kwao Kiuyu, Wete aliletwa na ndoa, na mume akamfia hata hawajazoeana vizuri. Mtoto hakumwachia. Kuchora alianza zamani, kwa makaa, kwenye kuta za jiko la mama yake, na alichapwa kwa hilo mpaka mama mwenyewe akachoka. Kambi aliianzisha kwa penseli za kukata vipande viwili ili zitoshe, na kila likizo watoto waliongezeka: wa mjini, wa kwao Kiuyu wanaofikia kwa jamaa, hata wa kisiwa cha Fundo wanaovuka kwa mashua asubuhi na kurudi alasiri.

Wazazi mwanzoni walimjia na hofu. Kuchora viumbe si dhambi hiyo, Mwalimu? Rahma hakubishana nao. Alikwenda kwa Shehe wa mtaa, wakazungumza, mke wa Shehe akiwa kati yao, wakakubaliana kwamba watu wachorwe lakini nyuso ziachwe tupu. Tangu siku hiyo kuta za ghala zilijaa wavuvi wasio na macho na mabibi wasio na midomo wakichambua karafuu. Na watoto, kwa kuwa nyuso wamenyimwa, walijifunza kusema yote kwa mikono. Mkono wa mtu aliyekasirika, mkono wa mgonjwa, mkono wa anayetaka kuomba na anaona haya. Mtu wa Pemba ukimwonyesha karatasi ya kambi ile, aliitambua kwa mikono tu.

Bingwa wao alikuwa Nahla. Baba yake alikwisha kufariki, mama yake kaolewa tena mbali, na yeye na mdogo wake Safaa wakalelewa na ndugu wa baba, huyo huyo Abdulsamad mwenye ghala. Wao walimwita Ami Samad. Nahla alikuwa msichana wa maneno machache, na akikaa kuchora hata nzi akimtua puani hamfukuzi. Rahma alimpenda kupita kiasi, na hakulificha hilo, ijapokuwa mwalimu hapaswi.

Siku moja aliwapa kazi nyepesi: kila mtu aweke mkono wa kushoto juu ya meza auchore kama ulivyo. Alipopita kuangalia, akaona juu ya mkono aliouchora Nahla kuna doa la mviringo mrefu. Alidhani penseli imechafua, akanyoosha kidole afute. Halikuwa chafu. Lilikuwa limechorwa kwa uangalifu, ukingo wake umetiwa kivuli. Rahma akautafuta mkono wenyewe, na Nahla alikuwa ameshauingiza ndani ya buibui.

"Nini hichi, mwanangu?"

"Kijiko, Mwalimu."

"Kijiko cha nini?"

"Maziwa yalifurika jikoni. Ami akakitia motoni." Akatazama pembeni, wasije wenziwe wakasikia. "Ulisema tuchore kama ulivyo."

Alimwuliza kama ni mara ya kwanza, akaambiwa si ya kwanza. Akamshika bega, akamwambia hilo amwachie yeye mwalimu wake, asimwambie mtu mwengine. Mtoto akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye karatasi yake. Alimwamini.

Hapa sasa niseme jambo, na atakayechukia na achukie. Sisi tuna maradhi yetu, tunayaita muhali. Mtu kafanya ubaya, unaujua, lakini mamake alikuletea uji ulipojifungua, au mlisoma chuo kimoja cha Kurani, au kakupa nyumba bure, basi unaona muhali kumshitaki. Unamwendea kwa wema. Mnayamaliza ndani. Wakubwa wanapeana mikono, na mtoto aliyeungua anaambiwa akambusu ami yake. Tunasema huo ni ubinadamu, na hatumwulizi mtoto yeye anauitaje.

Rahma hakuwa mjinga. Alishahudhuria semina ya mambo ya watoto, kapewa mkoba na chakula cha mchana, kaambiwa polisi kuna dawati la kazi hiyo. Alijua mlango ulipo. Lakini alilifikiria ghala. Alifikiria watoto wote wale, warudi mabarazani, na Wete nzima hakuna mwengine wa kuwapa hata kibanda. Alijiambia anafanya kwa ajili yao, na kwa kiasi ilikuwa kweli. Basi alasiri akavaa buibui lake jema, akapiga hodi kwa Abdulsamad.

Mwenyewe alimpokea kwa heshima zote. Alimsikiliza kichwa kakiinamisha, na Rahma alipomaliza, macho ya yule bwana yalikuwa yamelowa.

"Hasira, Mwalimu. Shetani kanipitia," alisema. "Allah akulipe kwa kuja kwangu kwanza. Mwengine angelikwenda kuntangaza."

"Sikuja kukutangaza, Samad. Nimekuja tuzungumze. Yule yatima."

"Yatima, wallahi. Hayatakuwa tena."

Ikaletwa kahawa na halwa. Rahma akala. Wakati wa kuagana Abdulsamad akataja kwamba ana nia ya kulipaka ghala chokaa kabla ya likizo ijayo na kutia madirisha, watoto wapate mwanga. Rahma alirudi kwake moyo mwepesi, akasali, akalala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo analolisema leo kwa uchungu kuliko yote.

Kesho yake Nahla hakuja kambini. Keshokutwa vile vile. Rahma alipouliza, Abdulsamad akajibu akitabasamu, "Kenda Unguja kwa shangazi yake, kusoma. Kapanda meli bandari ya Mkoani." Rahma akaomba namba ya shangazi. Akapewa, na kila alipoipiga haikupatikana. Alijua. Mtu anajua. Angeweza hata hapo kwenda polisi, lakini sasa ataanza wapi? Atasema alijua akenda kula halwa? Aibu ya jana ikamfunga mdomo leo, na ya leo ikaja kumfunga kesho, mpaka mwaka ukapita, na ghala likapakwa chokaa na kutiwa madirisha.

Mwezi wa sita mwengine, kambi ikafunguliwa kwa shangwe. Wazazi walijaa, Shehe kasoma dua, na Abdulsamad alikaa mbele na kanzu yake nyeupe, kila mtu anamshukuru kwa madirisha. Dua ilipokwisha akamleta Safaa kwa Rahma, kamshika bega.

"Huyu nae mwanao, Mwalimu. Anapenda kuchora kama dada yake."

Safaa alikuwa mdogo, kimo cha kufikia meza. Rahma akampa penseli. Mtoto akaipokea kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauacha chini ya ushungi. Rahma akaufunua ushungi mbele ya watu. Kiganja kilikuwa kimefungwa kipande cha kanga, na kanga ilikuwa imegandia kwenye nyama.

"Samad," Rahma alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, "ntoto huyu umemfanya nini?"

Wengine waliangalia mikeka, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao. Mama mmoja akamvuta Rahma mkono na kumnong'oneza, "Bi Rahma, watu wapo." Abdulsamad alitikisa kichwa tu taratibu, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa, na watu walimwonea huruma yeye.

Rahma hakungoja. Alimshika Safaa mkono mzima, wakatoka, wakapita katikati ya soko mpaka kituoni. Alikuwa na hasira na aibu, na ndani yake, tusidanganyane, alikuwa na furaha pia. Alikuwa anafanya alichopaswa kukifanya mwaka uliopita, na alidhani bado kina faida ile ile.

Askari wa dawati alikuwa mwanamke, mtu mpole. Aliwatoa wanaume chumbani, akampa mtoto maji, akakaa chini kwenye mkeka wawe sawa. Akamwuliza nani kamuunguza.

"Nliangukia jiko," alisema Safaa.

Askari akamwuliza kwa njia nyengine, kisha nyengine tena, bila haraka. Alimwambia hapa hakuna wa kumpiga. Safaa akayanywa maji yote, akarudisha kikombe.

"Nliangukia jiko."

Askari akaomba radhi akatoka kumwita daktari. Wakabaki wawili.

"Safaa, mwanangu, mbona husemi?" Rahma alipiga magoti mbele yake. "Yule mama askari atakusaidia. Sema tu."

Mtoto alimwangalia. Hakuwa na chuki usoni. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nahla alikwambia wewe," alisema. "Ukenda ukamwambia Ami."

Rahma akaketi pale mkekani.

"Ulipoondoka alimpiga mpaka akazirai. Hayuko Unguja, Mwalimu. Kaozwa huko bara, kwa ntu hatumjui."

Nje sauti ya Abdulsamad ilisikika ikitoa salamu kwa askari wa zamu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, akasema kwa upole, "Twende nyumbani, mwanangu, daktari tutampata sie." Safaa aliinuka hata hajaitwa mara ya pili. Rahma akaidaka nguo yake kwa mikono miwili, akapiga kelele kumwita yule askari arudi, akasema haondoki mtoto hapa, kwanza wamuue yeye.

Safaa akainama, akaanza kuvibandua vidole vya mwalimu wake kimoja kimoja, kwa ule mkono wake mzima.

"Niache, Mwalimu," alinong'ona. "Ukinshika ndio ataniunguza zaidi."