Ng'ombe wa Mjomba, Ng'ombe wa Shangazi

Mimi shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuijutia. Waliomaliza ndio wapangaji wangu. Nilianza kwa kuswaga mbuzi wa watu kutoka Haneti hadi mnadani, kwa miguu, ujira wangu sahani ya ugali. Leo nina nyumba Nkuhungu zenye vigae na maji ndani, na boma Ihumwa ambalo treni ikipita abiria wanageuza shingo kutazama mifugo. Watu wa mikoa mingine hututania Wagogo kwamba tunaomba. Mkono wangu mimi umezoea kutoa.

Nayasema haya ujue kwa nini, binti wa mpangaji wangu alipochumbiwa, niliyefuatwa ni mimi na si mwingine.

Mpangaji mwenyewe ni mama mshonaji, Mkongo wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alivuka na mtoto mgongoni vita vilipofika kijijini kwao, akakaa Kigoma mpaka karatasi zake zikakamilika, kisha cherehani ikamleta Dodoma kuwafuata watumishi wa serikali, maana hao hawachoki kushonesha. Kodi huleta kabla sijaiulizia. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishangaza: mwanamke anashona mpaka siku za sikukuu, lakini chumbani hana hata kabati. Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Fedha zinarudi kulekule alikotoka. Vita vya kwao vina tabia ya kulala na kuamka. Vikilala, anatuma nauli kwa mtu wa kwenda kumtafuta mumewe, waliyepotezana naye siku ya kukimbia. Vikiamka, yule mtu hapatikani na nauli imekwenda. Kuna aliyesema alimwona machimboni, kuna aliyesema alimwona kambini. Miaka ikapita hivyohivyo, mpaka mtoto wa mgongoni akawa muuguzi.

Na muuguzi huyo ndiye aliyependwa na kijana wa Haneti, fundi umeme, mtoto wa watu wenye ng'ombe.

Binti alikuja kwangu mwenyewe, akasimama mlangoni anachezea funguo.

"Shikamoo baba. Wanakuja Jumamosi."

"Waje. Hawali watu hao."

"Kwetu hakuna wa kuwapokea. Shangazi zake wameshaanza kuuliza mimi ni mtoto wa nani. Sitaki niende kule wanione kama mtu wa kuokotwa."

Nikamwambia aende akalale usingizi. Kama kuna kitu Mungu amenipa, ni mdomo wa mnadani. Nimewahi kumshusha bei Msukuma mwenye fahali anayempenda kuliko mke, na tukaagana tunacheka.

Jumamosi nikatoa makochi yangu uani, nikachinja mbuzi, nikavaa koti. Wakaja watu sita. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu mwenye kofia na fimbo nyeusi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo. "Nimeambiwa nakuja kwa Wakongo. Mbona namwona mtoto wa jirani?"

"Shikamoo mzee. Mkongo ndiye mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Basi zungusha kiuno kidogo tuamini. Wakongo tunawajua."

"Toa ng'ombe kwanza. Kiuno hakizunguki bure."

Tukaanza. Wao wakataja sita. Mimi nikataja ishirini. Wakashika vichwa, wakatoka nje kushauriana, wakarudi. Nikawauliza bibi yao akiugua usiku wanampeleka kwa nani, kama si kwa muuguzi, na sasa muuguzi atalala nyumba ya pili. Wakasema watatoa fedha mahali pa mifugo. Nikakataa. Fedha ya bahasha inaliwa kabla ya harusi, ng'ombe anaonekana. Mzee alikuwa mgumu, simnyimi sifa yake, lakini nilimfikisha kumi na wawili, wazima, wenye miguu. Pale Nkuhungu bado wanaisimulia.

Mzee akalaza fimbo magotini. "Haya. Tumekubaliana. Sasa tuwagawe."

Kwa asiyejua: kwetu ng'ombe wa mahari haingii zizini kama kundi tu. Kila mmoja ana mtu wake. Huyu wa baba, huyu wa mjomba, huyu wa baba mdogo, huyu wa shangazi. Aliyepokea ng'ombe ndiye atakayeitwa nyumba ikitikisika, mtoto akiugua, mke akirudi kwao analia. Mgeni anaweza kudhani tunagawana mali. Ukweli ni kwamba tunamfunga binti kamba nyingi ili asipotee.

"Tuanze kwa mjomba," mzee akasema. "Mjomba yuko wapi?"

Nikamgeukia mama. Alikuwa amekaa mkekani pamoja na mke wangu, kitenge kipya, mikono mapajani.

"Kaka yangu mkubwa alifia njiani," akasema.

"Pole, mama. Anayemfuata?"

"Huyo yuko kambi, Uganda. Alikuwa. Simu yake haiiti tena."

"Baba mdogo wa binti?"

"Wenye bunduki walimchukua awabebee mizigo. Hakurudi."

"Shangazi?"

Mama akamtazama mke wangu, kana kwamba mke wangu ndiye anayejua. "Walikuwa watatu," akasema. "Nyumba moja. Hao, baba, tuwaache."

Kila alipojibu, mzee alisema taratibu, "Ng'ombe wake tumweke pembeni." Hakuwa na dharau. Alikuwa anaendelea tu, kama mtu anayepita shambani baada ya nzige, akiangalia kama kuna shina lililobaki. Akauliza babu, akauliza watoto wa baba mkubwa. Mimi jasho lilinitoka kuwapandisha ng'ombe wale kutoka sita. Sasa walikuwa wanashuka, mmoja, mwingine, mwingine, na hakuna aliyebisha bei.

Redioni huwa nawasikia wasomi wakitaja gharama za vita. Mabilioni ya dola, namba ndefu mpaka mtangazaji anameza mate katikati. Namba zile hazijawahi kukaa kichwani mwangu. Ya siku ile ilikaa. Mimi ni mtu wa mifugo. Nikiona ng'ombe mzima, mnono, amelipwa kihalali, halafu duniani hakuna mtu wa kumshika kamba, naelewa bila kufundishwa.

Nikasimama. "Mzee, leteni wote. Mimi nitawapokea. Zizi lipo, na nyasi zipo."

"Wewe utapokea wa mlezi," akanijibu. "Huyo ni wako, na tutakuita usiku umelala. Lakini shangazi watatu huwezi kuwa, hata ukivaa gauni."

Watu wakacheka, na mama naye akacheka, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Kwa hiyo wakabaki wa mlezi, wa mama, na wa baba.

"Sasa wa baba," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Kwa kuwa marehemu baba yake..."

"Asiitwe hivyo," mama akasema.

Mzee akamgeukia.

"Samahani, mama. Yupo?"

"Sijui."

"Tangu lini hujui?"

"Tangu huyu nikimbeba."

Mmoja wa wageni, mjomba wa kijana, akanong'ona kwa Kigogo, akidhani ni siri. Alisema ng'ombe wa aliyekufa ana utaratibu wake na ng'ombe wa aliye hai ana utaratibu wake, lakini huyu si huyu wala si yule. Wakimpa mtu mwingine, halafu mwenyewe atokee, watalipa mara mbili? Afadhali mambo yasimame mpaka ijulikane. Mlangoni kulikuwa na pazia, na chini ya pazia niliiona miguu ya binti. Binti amekulia hapahapa, Kigogo anakisikia. Vidole vilijikunja.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

Nikafungua mdomo wangu wa mnadani. Haukutoa kitu.

Mama akajua. Akajisogeza mbele ya mkeka. "Baba zangu, mi siko na ndugu hapa, mmeona. Ng'ombe wangu mimi mumtoe, sina haja naye. Mkitaka na wengine wote mtoe, mtoto wangu mchukueni. Lakini wa baba yake siwezi kumtoa. Nikimtoa ni mimi ndiye nimemwua. Vita vimeshindwa miaka yote hii kuniambia amekufa. Niseme mimi, hapa, juu ya ng'ombe?"

Mzee akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Mjomba wa kijana akataka kusema tena, mzee akamgusa goti kwa fimbo.

"Wewe," akamwambia kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "bibi yako alipoolewa, mbuzi wawili hawakulipwa. Mpaka leo wanadaiwa. Je, bibi hakuzaa? Wewe umetoka wapi?" Kisha akamgeukia mama. "Ng'ombe wako hatumtoi, mama, mtoto hana mama mwingine. Na wa baba yake hatumpi mtu. Atakaa Haneti, zizini kwetu, na sisi tutamchunga. Ni deni letu kwa mkwe wetu. Akija, atalikuta."

"Na asipokuja?" mjomba akauliza.

"Basi tutadaiwa. Kudaiwa na mkwe ni aibu? Mimi nadaiwa na wakwe wanne, na wote nasalimiana nao." Akaiweka kofia kichwani. "Mwiteni binti. Nataka kumwona mtoto wa mtu anayetudai."

Pazia likasogea. Alipotoka, mke wangu alipiga kigelegele, mama akapokea kwa kile cha kwao, kirefu, kinapanda na kushuka, mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Wageni wakala mbuzi wangu, na niseme kweli, alikuwa mnono.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno, na gharama za hema nilibeba mimi. Mama bado yuko nyumbani kwangu. Nauli bado anatuma, vita vikilala. Kodi nimempunguzia. Usinisifu, ninazo.

Juzi nilikwenda Haneti kununua mifugo, nikiwa na mfanyabiashara mwenzangu wa Singida, mtu mwenye jicho kali. Tulipita bomani kwa wakwe kusalimia. Mwenzangu akamwona ng'ombe jike mweupe tumboni, ana ndama ubavuni, amelishwa vizuri kuliko wenzake wote. Akataja bei. Bei nzuri, hata mimi nisingeitaja. Mama mkwe wa binti alikuwa anapita na ndoo ya maziwa.

"Huyo hauzwi," akasema. "Mwenyewe katoka."

"Anarudi saa ngapi?"

"Hakusema."

Mwenzangu akatafuta jiwe penye kivuli, akakaa kumsubiri.