Shemasi Apanda Baiskeli ya Adèle

Biashara ya Adèle Mbuyu ilizaliwa sebuleni kwake, kati ya kabati la vyombo na picha ya harusi. Baba yake, fundi wa reli kule Kasaji, alimwachia mashine ya kuchomelea vyuma na mkono usiotetemeka. Adèle alikuwa ameuza mikate sokoni Kolwezi hadi unga ukamchosha. Akanunua mabomba chakavu, akaanza kuunda baiskeli. Mumewe Omer, karani mpole, akawa anakula sahani ikiwa magotini, maana mezani palikuwa pamekaliwa na magurudumu.

Mtaa mzima ulijua saa zake za kazi. Akichomelea tu, umeme ulififia nyumba zote, na akina mama wenye ugali jikoni wakapaza sauti: "Mama Adèle, acha bukari iive kwanza!"

Mteja wa kwanza alikuwa Shemasi Hénock, mtu wa sauti nene na kiuno kinene zaidi. Alitaka baiskeli nyeusi yenye kengele, ya kwendea kanisani. Kwa kukiheshimu kiuno kile, Adèle aliweka mabomba mawili pale ambapo wengine huweka moja. Siku ya kuichukua, shemasi aliizunguka, akaisifu, akapiga kengele, akaaga, akaahidi kurudi kesho. Kesho yake akafanya vilevile. Ndipo Adèle akashtuka.

"Tata Hénock, kupanda kinga, baiskeli hii, unajua?"

"Mama, mi najua mambo mingi," shemasi akajibu, akitazama dari.

Lakini majirani walikuwa wamesikia, na aibu ikamtoa nje, ikampandisha baiskeli. Omer, aliyetamani mno kuirudisha meza yake, akamsukuma kwa moyo wote. Barabara ya mbele ya nyumba huteremka moja kwa moja hadi sokoni.

"Vuta frein, tata! Frein!" Adèle alipiga kelele, akimkimbilia.

Badala ya breki, Hénock alivuta alichokijua: kengele. Akashuka akiipiga hivyo hivyo, kuku wakimpisha, mpaka akatoweka kati ya magunia ya wauza makaa.

Adèle alifika akitweta, akiwa na hakika kwamba biashara yake imezikwa palepale. Shemasi alikuwa amekaa chini, mweusi tii, macho tu yakimeta. Wauza makaa hawakuwa na habari naye. Walikuwa wameinua baiskeli, mmoja akiirukia, mwingine akiidundisha chini.

"Nani alitengeneza hii kinga? Haikupinda hata kidogo!"

"Ni mi," Adèle akasema.

"Bon, mama, na sisi tunataka. Ya kubeba makala, haya makaa yetu."

"Na mi je?" sauti ikauliza toka chini. "Hakuna mutu anauliza kama mi nilipinda?"

Jumapili Hénock aliwaambia waumini kwamba alijitolea kuijaribu baiskeli kwa faida ya umma. Ibada ilipokwisha akamvuta Adèle pembeni, akanong'ona: "Mama, roue ya tatu, gurudumu la tatu, inaweza kuingia fasi gani?"

Adèle akafikiri kama fundi, bila kucheka.

"Nyuma, tata. Tutatia mbili nyuma."